Barua Tulizomwandikia Fundi Maganga

Siku yangu ya kwanza darasani nilivunja chaki tatu kabla sijamaliza kuandika tarehe. Nilikuwa nimeukandamiza ubao kana kwamba utakimbia. Shule ilikuwa nje kidogo ya Shinyanga mjini, upande wa kwenda Mwadui, na wanafunzi wa dawati la nyuma walikuwa warefu kuliko mimi. Pale nyuma, katikati yao, alikaa mkuu wa idara ya historia, Mwalimu Salum, kunitazama. Kipindi kilipokwisha alikuja mbele, akaokota vile vipande vya chaki na kuviweka kiganjani mwangu. "Vipande vidogo ndivyo vinavyoandika vizuri," alisema. "Ila usiivunje makusudi. Serikali haipendi."

Mliponiaga mwezi uliopita nilipostaafu, ninyi walimu vijana mliniomba niwaandikie mbinu za kufundisha historia. Mbinu ninazo chache, na nyingi ni za Mwalimu Salum. Lakini jambo kubwa nililojifunza kazini nilijifunza nikiwa nimekosea, tena baada ya kulifundisha kwa miaka mingi. Hilo haliingii kwenye andalio la somo, kwa hiyo nitalisimulia lilivyotokea.

Mwalimu Salum alikuwa mtu wa mjini. Babu yake alitoka pwani akiuza vitambaa, akafika Shinyanga, akaoa Msukuma na kusahau kurudi. Mjukuu alirithi Kiswahili laini cha babu na ubishi wa bibi. Alinifundisha kufuta ubao kutoka juu kwenda chini ili vumbi lisiwaangukie watoto wa mbele. Alinifundisha kutosahihisha daftari nikiwa na njaa. Alinifundisha pia kwamba kitabu cha historia kimeandikwa kwa Kiingereza na mtihani unajibiwa kwa Kiingereza, lakini akili ya mtoto wa Shinyanga inafunguka kwa Kiswahili, na ikikwama sana inafunguka kwa Kisukuma. Mkaguzi akija tulirudi kwenye Kiingereza. Akiondoka, watoto walianza kuelewa tena.

Mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Alikuwa na ramani aliyoishona mwenyewe kwenye kitambaa cha marekani, kila nchi ikiwa kipande cha khanga kuukuu kilichoshikizwa kwa pini. Mwanafunzi mmoja alikuwa mtawala wa Ujerumani. Wengine wawili walikuwa Uingereza na Ufaransa. Wawili walikuwa Chekoslovakia, na hao Mwalimu Salum aliwatoa nje na kufunga mlango. Mtawala wa Ujerumani aliomba kipande kimoja tu, akaahidi kwamba hataomba kingine. Wakubwa walijadiliana, wakachomoa pini, wakampa. Ndipo mlango ulipofunguliwa, na wale wawili wakaingia kukuta nchi yao imepungua. Darasa lilicheka kila mwaka, kwa sababu sura za wale wawili hazikuwa za kuigiza. Walikuwa wamekasirika kweli.

"Hii inaitwa sera ya kubembeleza," alisema Mwalimu Salum wakati kicheko kikiisha. "Aliyebembelezwa alikuwa ametangaza wazi kwamba wako watu ambao si watu. Waliombembeleza walimsikia. Walidhani akishiba atanyamaza."

Mimi niliinakili ramani ile, nikaishona ya kwangu. Nilipohamishiwa Nyang'hwale niliibeba kwenye sanduku la bati pamoja na sufuria zangu.

Shule niliyohamia ilikuwa ya kata, mwendo wa pikipiki kutoka Kharumwa, katikati ya mashamba ya pamba na mashimo ya dhahabu. Jina lake siliandiki, kwa kuwa watoto waliosoma pale bado wanaishi jirani na yaliyotokea. Tulikuwa walimu wachache na madawati yalikuwa machache kuliko sisi. Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Bujiku, mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo, aliyekunywa maziwa saa nne na kuomba radhi kwa kila mtu kwa sauti ndogo. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akifagia ofisi yake mwenyewe, na watoto wote aliwajua kwa majina ya baba zao.

Mpishi wetu, Mama Tabu, aliendesha jiko na nusu ya shule. Na madawati yakivunjika alikuja Fundi Maganga.

Nataka mmjue Fundi Maganga kama tulivyomjua sisi. Alikuwa seremala mkimya mwenye mikono mikubwa. Alitengeneza madawati na fremu za madirisha, lakini kazi yake kubwa ilikuwa matimba, yale magogo ya kuzuia udongo kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Akija shuleni alipiga msumari wa mwisho, akalisugua dawati kwa kiganja kuona kama lina kibanzi, kisha akamwambia mtoto, "Kalia." Alisubiri mpaka mtoto akalie ndipo akaondoka.

Mwaka wa tatu wa kukaa kwangu pale, duara moja lilibomoka. Fundi alikuwa ameteremka na vijana watano kurekebisha matimba. Wanakijiji walichimbua udongo siku mbili kuwatafuta. Fundi alitoka akiwa hai. Wale vijana watano walitolewa wamekufa, na mmoja wao alikuwa Masunga, mtoto wa Mzee Shija, niliyemfundisha mimi mwenyewe mpaka kidato cha nne. Msibani watu walianza kunong'ona kwamba matimba yalikuwa yameoza.

Fundi alikaa ndani mwezi mzima. Alipotoka alikuwa na maneno. Alisema si magogo yaliyooza, ni watu. Alisema chini kule, gizani, alionyeshwa kwamba dunia ina watu wa aina mbili, Watengwa, yaani waliowekwa kando wawe safi, na Waliooza, na udongo uliporomoka kwa sababu watu safi walichangamana na wachafu. Nadhani hakuweza kuubeba mzigo wake, akatafuta wa kumtwisha. Hilo nalielewa. Lakini lilivyoendelea sikulielewa mapema kama ilivyonipasa.

Aliwaendea wafiwa mmoja mmoja. Fundi alimwambia kila mfiwa kwamba mtoto wake ndiye aliyekuwa safi, na waliooza walikuwa wale wengine. Unaweza kumlaumu mzazi kwa kulipokea neno hilo? Mzee Shija alilipokea. Baada ya wafiwa walikuja wachimbaji waliokuwa na hofu ya kuteremka tena, kisha wake zao, kisha watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ila kwamba jirani ameingia. Wakajenga upande wa pili wa mto uliopita kando ya kijiji. Wakaacha kuhudhuria misiba ya wengine. Wakaacha kuitikia salamu. Katika nchi ya Wasukuma, mtu asiyeitikia salamu amekwisha kutangaza vita, lakini sisi tulisema wana majonzi.

Ombi la kwanza lilikuja shuleni kwa adabu. Fundi alisimama mlangoni kwa Mwalimu Bujiku, kofia mkononi, akaomba watoto wa Watengwa wasisimame mstarini asubuhi wala kuimba na wengine.

"Kuimba hakumfaulishi mtu," Mwalimu Bujiku alituambia kwenye kikao. "Tumpe hilo, tuishi kwa amani."

Wote tulikubali. Mimi ndiye niliyeandika barua ya ruhusa, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu. Nilijivunia hata ile aya ya mwisho, iliyosema kwamba shule inaheshimu imani za wazazi.

Ombi la pili lilikuwa wakae safu yao peke yao, na uji wao upikwe kwenye sufuria yao. Mama Tabu aliuliza, "Sufuria yangu ina nini?" Niliandika barua. La tatu lilikuwa watoke darasani katika vipindi vya baiolojia, na katika historia tukifika kwenye dini za mababu. Niliandika. Watoto walikuwa wakisimama dirishani nje wakisikiliza, maana mtoto ukimwambia asisikilize kitu umemwalika. Nilichekea jambo hilo. Nilidhani ninawashinda kwa ujanja.

Ombi la nne lilikuwa Milembe.

Milembe alikuwa kidato cha pili, mfupi, mwenye kicheko cha kupasuka ghafla ambacho kilimponza kila wiki. Wazazi wake walikuwa wamevuka mto. Fundi alikuja na baba yake, wakasema nyumbani kuna shughuli, wanaomba ruhusa ya muda. Sote tulijua ni shughuli gani. Sheria inayokataza kumwoza mwanafunzi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya kichwa cha Mwalimu Bujiku. Tulikaa ofisini tukinywa chai, tukasema labda ni kweli ni ruhusa tu. Tukasema tukikataa wataondoa watoto wote. Milembe mwenyewe alikuwa amesimama uani na begi lake. Niliandika barua. "Kwa sababu za kifamilia," niliandika, na nikapiga mstari chini ya tarehe kwa rula.

Hakurudi. Baada ya wiki mbili tulisikia ameozwa kwa mmoja wa wazee wa Watengwa.

Baada ya hapo kile kikundi hakikushiba. Nesi wa zahanati alipovuka mto na kisanduku chake cha chanjo, vijana walikipasua kisanduku na kumpiga kwa fimbo mgongoni. Muuza maandazi aliyepita na redio alivunjiwa redio. Mwenyekiti wa kijiji alisema, "Tuwaache, watachoka wenyewe." Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo, kwa maneno mengine, katika kila kitabu cha historia nilichowahi kukishika, na bado sikuitambua niliposikia ikitamkwa kwa sauti ya mtu niliyemfahamu.

Muhula uliofuata nilifika kwenye mada ya Ulaya kwa kidato cha nne. Nilitundika ramani yangu. Niliwapanga wanafunzi, nikawatoa wawili nje, nikafunga mlango. Pini zikachomolewa. Nilipowarudisha wale wawili, darasa likacheka kama kawaida, isipokuwa Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Shija, mdogo wake marehemu Masunga. Alisoma kwa bidii ya mtu anayesomea wawili. Aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa nini hawa wa nje hawakuitwa ndani?"

"Kwa sababu wakubwa waliogopa vita," nikajibu. "Waliona ni rahisi kuamua bila wao."

"Na Milembe aliitwa ndani?"

Watoto wa Watengwa, kwenye safu yao, waliinamia madaftari. Nilisimama na kipande cha khanga mkononi, nikamwambia swali lake ni zuri na tutalirudia. Ni jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa darasani, na nimewahi kumwambia mtoto kwamba Mto Naili unapita Shinyanga.

Siku tatu baadaye Mwalimu Bujiku aliniita. Akasema Fundi ameleta ombi jingine. Wanamtaka Kabula, kabla ya mtihani wa taifa.

"Andika kama ile ya Milembe," alisema bila kuniangalia.

"Siandiki."

"Mama Nkwabi," aliniita kwa jina la mwanangu, "unataka waje wachome shule?"

"Wakitaka kuichoma wataichoma hata tukiwapa Kabula. Halafu tutakuwa hatuna shule na hatuna Kabula."

Alishika tumbo. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa na hofu. Mimi pia nilikuwa na hofu, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. "Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

Nilipanda kwenye kichuguu nyuma ya jiko, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikampigia simu Mwalimu Salum. Alikuwa amestaafu, akifuga kuku wake Shinyanga. Nilimweleza yote, pamoja na barua. Nikamsikia akiwafukuza kuku miguuni.

"Leokadia, ile mada umeifundisha miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na kwenye jaribio lako umepata ngapi?"

Nililia kidogo. Alisubiri. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Haya, jaribio halijaisha. Usimtukane huyo fundi, maana kutukana ni rahisi na hakusaidii. Acha kuandika barua. Kisha nenda kwa wale waliomfuata, mmoja mmoja, kama yeye alivyowaendea. Wewe ulimwachia wafiwa wote peke yake."

Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Baada ya matanga sikuwa nimerudi kwa Mzee Shija hata siku moja.

Jumamosi nilivuka mto na Mama Tabu. Mzee Shija alikuwa amekaa nje akipukuchua mahindi. Hakuitikia salamu. Tulikaa chini, tukachukua mahindi, tukaanza kupukuchua naye. Tulimaliza debe zima.

"Mayu," alisema mwishowe, akiniita mama kwa Kisukuma, "umekuja kwa ajili ya Kabula."

"Nimekuja kukupa pole ya Masunga, niliyochelewa kuileta. Kabula sijaja kumchukua."

Mikono yake ilisimama.

"Masunga alikuwa mtoto mzuri," nikasema. "Aliwahi kuniandikia insha nzima juu ya ng'ombe badala ya Vita vya Majimaji, nikampa maksi kwa sababu ng'ombe waliandikwa vizuri. Na wale wenzake wanne niliwafahamu, Mzee. Wawili niliwafundisha. Nao walikuwa wazuri. Hakuna aliyeoza kati yao. Magogo yalioza."

Alikaa akitazama mahindi. Mama Tabu aliendelea kupukuchua.

"Fundi atanitenga," alisema.

"Akikutenga utabaki na sisi."

"Ninyi mlikuwa wapi?"

Sikujitetea. Nilimwambia tulikuwa shuleni tukiandika barua. Alirudia kupukuchua. Hakuniahidi kitu, nasi tuliondoka na mikono iliyochubuka.

Tulikwenda pia kwa nesi, ambaye mgongo ulikuwa bado unauma, na kwa muuza maandazi, na kwa akina mama wa upande wetu wa mto, nyumba kwa nyumba. Tuligundua kwamba kila mmoja alikuwa akiogopa chumbani kwake, akidhani wengine wameridhika. Mtendaji wa kata alipewa taarifa kwa maandishi, na polisi wakaahidi kuja Jumatatu saa tatu.

Jumatatu saa tatu Watengwa walikuja. Polisi hawakuja, gari lilikuwa halina mafuta. Wanaume kama thelathini walisimama mbele ya ofisi na fimbo zao. Sisi tulisimama barazani: walimu sita, Mama Tabu na mwiko wake, nesi, na akina mama ambao sikuwahesabu kwa sababu walikuwa wakiendelea kufika. Kabula alikuwa kati yetu. Tulikuwa tumemuuliza kama anataka kubaki darasani na wenzake au kusimama nasi, naye akachagua.

Fundi Maganga alisogea mbele. Sauti yake ilikuwa ya chini, ileile ya kumwambia mtoto akalie.

"Mwalimu Mkuu, barua iko tayari?"

Mwalimu Bujiku alikuwa ameshika nguzo.

"Leo hakuna barua," alisema.

"Tumeishi vizuri na ninyi."

"Sisi ndio tuliishi vizuri, Fundi. Milembe hakuishi vizuri. Ile barua nayo ilikuwa kosa, na nimeipeleka kwa mtendaji ikiwa na sahihi yangu."

Hilo sikulijua. Hakumwambia mtu. Alikuwa amejishtaki mwenyewe.

Fundi aligeuka kuwatazama watu wake. "Baba wa mtoto yupo," alisema. "Mzee Shija, dai mtoto wako."

Mzee Shija alikuwa safu ya pili. Alitoka mbele polepole, nikadhani atamdai. Alimtazama binti yake, akamtazama Fundi, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi, akaweka fimbo kando.

"Mimi sijaomba barua," alisema. "Masunga alikufa kwa sababu magogo yalioza, Maganga. Nilijua tangu siku ile. Wewe ulinipa neno zuri, nikalichukua."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama ule wa Fundi. Kwa kitambo kidogo alikuwa tena yule seremala, na nilidhani atakaa chini naye. Hakukaa. Akasema, "Ameoza," na kijana mmoja nyuma yake akarusha jiwe. Yakafuata mengine. Vioo vya ofisi vilivunjika, na Mwalimu Bujiku alipasuka juu ya jicho. Mama mmoja alivunjika kidole. Lakini hakuna aliyekimbia kutoka barazani, na kurusha mawe kwa watu wasiokimbia ni kazi inayochosha mapema kuliko unavyofikiri. Walianza kuondoka wawili wawili. Wengine waliangusha fimbo njiani, na mmoja, bila kufikiri nadhani, alimsalimia Mama Tabu.

Polisi walifika kesho yake, wakanywa chai.

Sitaki mdhani ilikuwa ushindi safi. Watoto kumi na mmoja waliondolewa shuleni wiki ile, na ni wanne tu waliorudi. Shamba letu la mahindi lilifyekwa mchana kweupe, tukala maharage matupu muhula mzima. Mwalimu Bujiku aliadhibiwa kwa barua ya Milembe, akavuliwa ukuu wa shule, akarudi darasani kufundisha hesabu akiwa na kovu juu ya jicho. Aliniambia tumbo limeacha kumuuma. Mimi nilipewa onyo kwa maandishi, nalo nimelitunza kuliko cheti chochote. Kabula alifanya mtihani. Leo ni muuguzi, na wakati wa likizo anapita kunipima presha na kunigombeza kuhusu chumvi. Mzee Shija alirudi upande wetu wa mto na kuishi miaka sita zaidi. Mwanzoni watu walimsalimia kwa shida, baadaye kwa kawaida.

Fundi Maganga alihama na waliobaki naye kuelekea magharibi, kwenye misitu. Kundi lilisambaratika huko. Nilisikia alikufa kwa homa, akiwa na watu watatu tu. Nilihuzunika, na sioni aibu kusema hivyo. Ninaamini kama tungemkatalia ombi la kwanza, kwa upole, huku tukimletea chakula na kukaa naye, angeweza kubaki fundi wetu. Hatukumpenda kwa kumpa alichoomba. Tulijipenda wenyewe. Katika darasa lenu mtakapofika kwenye mada ile, msiwafundishe watoto kwamba wakubwa wa Ulaya walikuwa wajinga. Walikuwa watu wema waliochoka, waliokuwa wakinywa chai.

Polisi walipovuka mto kumtafuta Milembe, alikuwa ameshahamishwa. Niliuliza habari zake kila mwaka. Miezi michache kabla ya kustaafu, mwalimu mmoja wa Katoro aliniambia kuna mwanamke wa jina hilo sokoni, anauza dagaa, mfupi, anacheka kwa kupasuka. Nilipanda basi siku iliyofuata.

Nilimtambua kabla hajageuka. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi akimsaidia kufunga dagaa kwenye vifuko.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, kana kwamba tulionana juzi.

"Marahaba, Milembe."

Nilikuwa nimejiandaa kwenye basi. Nilimwambia barua ile niliandika mimi, kwa mkono wangu, nikijua. Nilimwambia sijaja kuomba anisamehe, nimekuja asikie kutoka kwangu. Alisikiliza huku akimpimia mteja, akamrudishia chenji, kisha akakaa kwenye kigoda chake.

"Niliwaona dirishani," alisema. "Mlikuwa mnakunywa chai. Nilijua mtatoka. Nilisema wakimaliza tu chai, mwalimu wa historia atatoka."

Nilikaa chini kando yake. Tulikaa hivyo mpaka mteja mwingine alipokuja na kuondoka.

Kisha akaniambia amejiandikisha masomo ya watu wazima, jioni na Jumamosi asubuhi, nyuma ya soko. Hesabu anaiweza, kwa sababu ya biashara. Kiswahili anaweza. Historia hakuna mwalimu, aliyekuwepo amehama.

"Nastaafu mwezi wa sita," nikasema.

Alinitazama. Sikuona msamaha usoni mwake. Niliona mtu anayepima kitu kwenye mizani na hataki kupunjwa.

"Basi utakuja Jumamosi," alisema. "Na usichelewe, Mwalimu."

Tangu Jumamosi ile imepita miezi mitatu. Jumamosi natoka nyumbani alfajiri, nafika Katoro mapema, na yeye anakuwa ameshapanga viti.